Kurudi Nyuma Si Kuvunja Amri: Kisa cha Kijana wa Kifungo cha Nje Mombasa

Kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Mtopanga, Kisauni, alikiri mbele ya hakimu mjini Mombasa kwamba alimpokonya mama mmoja simu alfajiri nje ya soko la Kongowea, mama akiwa ndiyo kwanza anashuka kwenye matatu. Walikuwa watatu. Wawili walitokomea na simu. Yeye alikwama kwenye msongamano wa mikokoteni, wachukuzi wakamkamata, akapigwa mpaka polisi walipofika. Simu haikuonekana tena. Alishtakiwa kwa kuiba kutoka mwilini mwa mtu, kosa ambalo kifungu cha 279 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinalitolea kifungo cha hadi miaka 14. Hakuwa amewahi kutiwa hatiani, ingawa mtaani jina lake lilikuwa limeshachafuka.

Kisa hiki nimekishona kutokana na mambo yanayojirudia katika kazi ya probesheni, yaani kifungo cha nje ambapo mkosaji anabaki mtaani chini ya uangalizi, hapa Pwani. Hakuna mtu mmoja aliye nyuma yake, na majina nimeyaacha makusudi. Nimechagua wizi wa simu kwa sababu kwenye karatasi ni kosa dogo, kwa aliyeibiwa ni pigo kubwa, na nyuma yake kuna unga wa heroini, kuna magenge, kuna familia iliyochoka. Ninachokifuatilia humu ni jambo moja: amri ya kifungo hicho cha nje ilipofika mwezi wa tano na kijana akarudia unga, afisa wa probesheni alipaswa kufanya nini?

Ripoti kabla ya hukumu

Hakimu hakutoa hukumu siku ile. Aliagiza ripoti ya probesheni iletwe baada ya siku 14, kijana akarudishwa rumande Shimo la Tewa. Jalada likamwangukia afisa mmoja wa kike, mwenye miaka ya kutosha kazini kujua kwamba siku 14 si nyingi.

Alianzia nyumbani. Familia inapanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo nyuma. Mama mtu anakaanga viazi karai na bajia barazani kuanzia magharibi. Alipomwona mgeni na faili mkononi alidhani ni polisi, akawahi kumtetea mwanawe kabla ya kuulizwa lolote.

"Madam, huyu hapa nyumbani hana shida na mtu. Ni marafiki tu."

Afisa hakubishana naye. Aliomba aonyeshwe mahali anapolala kijana. Mama akamwonyesha godoro lililokunjwa kwenye kona, wadogo zake wawili wamelikalia wakifanya kazi ya shule. Afisa akatazama upande wa jiko. Mtu anayeishi kwa kukaanga alikuwa na karai moja na sufuria moja tu, na bomba la gesi limening'inia bila mtungi. Akauliza kwa upole zile nyingine ziko wapi. Mama akanyamaza, kisha akasema zilitoka moja moja. Kwanza sufuria kubwa, halafu feni, halafu mtungi. Godoro lilikuwa limekunjwa miezi minane.

Hapo ndipo jalada lilipobadilika. Karatasi za polisi hazikutaja unga hata mara moja. Kijana mwenyewe rumande alikuwa amesema alivutwa na wenzake kwa sababu ya njaa. Lakini nyumba ambayo vyombo vyake vinaondoka kwa mpangilio huo, kuanzia kinachouzika haraka, kila mtu wa Kisauni anajua inaelekea wapi. Afisa alirudi Shimo la Tewa akamuuliza kijana bila kuzunguka: umeanza lini? Akajibu: tangu nimalize darasa la nane. Wiki ya kwanza ya rumande aliipitisha kwa arosto, ugonjwa wa kukosa unga, akitapika na kuumwa mifupa, na wenzake wa chumba ndio waliomshika.

Naieleza ziara hii kwa urefu kwa sababu ndiyo inayobeba kazi yote iliyofuata. Ripoti nyingi zimewahi kuandikwa kwa mtindo wa kujaza nafasi: baba hayupo, mama ana biashara ndogo, kijana amejuta, anapendekezwa probesheni. Ripoti ya namna hiyo haidanganyi, ila haimsaidii hakimu kujua anamrudisha mtu wapi.

Kazi ilivyopanuka

Wazo la probesheni ni la zamani. Mwaka 1841, Boston, fundi viatu aitwaye John Augustus alimdhamini mlevi mmoja mahakamani akaahidi kukaa naye. Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1907 na kumpa afisa jukumu la kumshauri mkosaji, kumsaidia na kuwa rafiki yake. Kenya ilipata sheria ya probesheni mwaka 1943 chini ya ukoloni, kazi ikaanza mwaka 1946. Sheria hiyo, ambayo leo ni Sura ya 64, inamruhusu hakimu kutazama umri wa mkosaji, tabia yake, historia yake, nyumbani kwao, afya yake na hali ya kosa, kisha amwachilie chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi sita wala kuzidi miaka mitatu.

Kwa miongo mingi afisa alikuwa jicho la mahakama: anaandika ripoti, anasainisha daftari, anayepotea anampeleka mbele ya hakimu. Halafu majukumu yakaongezeka. Sheria ya huduma kwa jamii ya 1998 ilimpa watu wa kusimamia wanaofyeka nyasi hospitalini na kupaka rangi shuleni badala ya kwenda jela. Katiba ya 2010, ibara ya 49, ilipoifanya dhamana kuwa haki ya kila aliyekamatwa isipokuwa pakiwa na sababu nzito, mahakimu wakaanza kumtaka afisa huyo huyo awaletee taarifa za dhamana. Sheria ya kuwalinda waathiriwa ya 2014 ikataka sauti ya aliyekosewa isikike. Na Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka katiba, wafungwa waliorudi kuhukumiwa upya nao wakahitaji ripoti. Ongeza waliotoka Shimo la Tewa na wanahitaji mtu wa kuwashika mkono kurudi mtaani.

Kwa hiyo afisa wa kisa hiki aliandika habari za kijana wa Mtopanga huku mezani kwake pakiwa na mambo mengine ya uzito tofauti kabisa. Nalitaja hili kwa sababu uamuzi wake wa baadaye, wa kumfuatilia kijana mmoja kwa karibu kuliko wengine, haukuwa upendeleo. Don Andrews na James Bonta wa Kanada waliieleza kanuni hiyo tangu 1990: nguvu za uangalizi ziende kwa mwenye hatari kubwa ya kurudia kosa, na zilenge yale mambo yanayomsukuma kwenye kosa. Aliyeiba mara moja kwa shida na ana kazi na familia imara, kumwita kila wiki ni kumharibia kazi. Kijana anayetumia unga na ana wenzake wawili ambao hawajakamatwa ni habari nyingine.

Mama wa Kongowea

Hatua iliyofuata ndiyo ambayo maafisa wa zamani hawakuidhania kuwa yao. Afisa alikwenda sokoni kumtafuta mama aliyeibiwa.

Mama huyo anauza nyanya na vitunguu kwa jumla ndogo. Alimkaribisha afisa akae kwenye kreti iliyopinduliwa, akaendelea kuchambua nyanya, zilizopondeka upande mmoja, ngumu upande mwingine. Alisema simu ilikuwa ya shilingi 14,000, lakini kilichomuuma zaidi ni laini. Pesa za mtaji zilikuwa kwenye M-Pesa. Hazikuibiwa, ila ilimchukua siku mbili kurudishiwa laini, na siku hizo lori la mzigo lilifika akashindwa kununua. Wateja wake wawili wa hoteli wakahamia kwa mwingine na hawajarudi.

Afisa akamuuliza angependa mahakama ifanye nini. Jibu lilikuwa na sehemu mbili, na zote mbili ziliandikwa kwenye ripoti kama alivyozisema. Kwanza, alipwe simu yake. Pili, asipitiwe na kijana huyo anaposhuka alfajiri. "Mkimfunga mimi nitapata nini?" aliuliza. "Lakini mkimwachilia arudi pale pale kituoni, mtakuwa mmenionea."

Kauli hiyo ingeweza kupotea. Kiongozi wa mashtaka hakuwa na muda wa kukaa naye, na mwenyewe asingeiacha meza yake kwenda kukaa mahakamani siku nzima. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kazi ya afisa wa probesheni imebadilika kuliko popote pengine: anarekebisha mkosaji huku akibeba masharti ya aliyekosewa, na masharti hayo yana haki sawa ya kuwa sehemu ya mpango.

Kuna jambo ambalo afisa hakulifanya. Hakumbana kijana awataje wenzake wawili. Alimwambia wazi kwamba upelelezi ni wa polisi, na akaeleza pia upande wa pili: chochote atakachomwambia kuhusu kosa jipya linalopangwa hataweza kukifunika. Mpaka huo uliwekwa mapema, na ulikuja kuwa na maana.

Amri na mpango wake

Mzee wa mtaa alipohojiwa alisema samaki hukunjwa angali mbichi, lakini asikunjiwe Mtopanga. Chifu akawa na wasiwasi huo huo: vijana wa maskani wangempokea mlangoni. Familia ikapendekeza mjomba wake, fundi wa tuktuk Likoni, ambaye alikubali kumpa mahali pa kulala na kazi ya gereji. Mjomba kwetu Pwani ana sauti kwa mtoto wa dada yake, na huyu alikuwa na sauti kweli.

Ripoti ilipendekeza probesheni ya miezi 18 bila kumtia hatiani, jambo ambalo Sura ya 64 inaliruhusu. Masharti yalikuwa haya: akae kwa mjomba Likoni, aripoti ofisini kila wiki mbili, aanze matibabu ya methadoni (dawa inayotolewa badala ya heroini), asikanyage kituo cha matatu cha Kongowea kabla ya saa mbili asubuhi, na alipe fidia ya shilingi 400 kwa wiki kuanzia mwezi wa pili. Fidia ingetumwa na mjomba kwa M-Pesa moja kwa moja kwa mama, kijana asipate namba yake wala pesa zisipitie mkono wa ofisi. Utaratibu huu mdogo naupenda sana. Unamlinda mama, na unamlinda afisa asisingiziwe.

Sheria inamtaka hakimu amweleze mkosaji amri kwa lugha ya kawaida, na asiitoe mpaka mkosaji akubali kuifuata. Hakimu alieleza kwa Kiswahili, polepole, akamuuliza kijana arudie kwa maneno yake. Kijana akasema: "Nikivunja, narudi hapa kwa hii hii kesi ya simu." Ndivyo ilivyo hasa.

Mtaani habari zilifika zikiwa zimepindishwa. Wengi wetu tunaamini kifungo cha nje ni kuachiliwa, na kwamba aliyeachiliwa ametoa kitu kidogo. Wachukuzi wa Kongowea waliomkamata walisema hivyo hadharani. Afisa hakulipuuza. Alimwomba chifu nafasi kwenye baraza, akaeleza amri ni nini, muda wake, na kwamba akiivunja atahukumiwa kwa kosa lile lile. Hakutaja unga wala matibabu, kwa sababu hayo ni siri ya mgonjwa. Sidhani wote walitoka wameridhika, lakini angalau walijua pa kupeleka malalamiko mbali na mawe na tairi.

Mwezi wa tano

Miezi minne ilikwenda vizuri. Kijana aliripoti, alilipa, alinenepa. Methadoni inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, haitolewi kwenda nayo nyumbani kwa mgonjwa mpya, na yeye alikuwa ameandikishwa kliniki ya Kisauni kwa sababu ndiko alikotoka. Mwezi wa tano akakosa kuripoti mara mbili mfululizo. Simu haipatikani.

Tazama siku yake ilivyokuwa. Mjomba anafungua gereji saa mbili asubuhi. Kliniki iko ng'ambo ya pili ya mji. Kijana anaondoka Likoni kabla ya jua, anavuka na feri, anapanda matatu hadi mjini, anapanda nyingine inayovuka daraja la Nyali na kupita Kongowea kuingia Kisauni, anapanga foleni, anakunywa dawa, anarudi njia ile ile. Anafika gereji saa nne, wakati mwingine saa tano. Mjomba, ambaye ni mtu mwema lakini ana kodi ya kulipa, akaanza kununa. Na kila siku ya Mungu gari linampitisha palepale ambapo amri inamkataza kusimama, na madirishani wenzake wa zamani wanamwona.

Wale wawili walikuwa na sababu ya kumtaka karibu. Alikuwa hajawataja, nao walitaka abaki hivyo. Walimpa kete ya bure, yaani kipimo kidogo cha unga, siku ya kwanza, siku ya pili. Baada ya hapo hakuna cha bure. Akaacha kliniki kwa sababu aliona aibu kupimwa, akaacha ofisi kwa sababu hiyo hiyo, akahama kwa mjomba usiku.

Ninavyoona, mpango ndio ulioanza kupasuka, kisha kijana akapasukia humo humo. Sharti la makazi liliandikwa kumtoa Kisauni, na sharti la matibabu likamrudisha Kisauni kila asubuhi. Kila sharti peke yake lilikuwa na akili. Hakuna aliyeyaweka kwenye ramani moja na saa moja ya ukutani.

Jinsi habari ilivyofika

Afisa hakuipata habari hii kwa polisi. Ilimfikia kupitia mzee wa kujitolea, mvuvi mstaafu wa Likoni. Probesheni ya Kenya ina wasaidizi wa namna hii, wakazi wa kawaida wanaofundishwa kumtembelea aliye chini ya amri katika mtaa wao. Mfano wake umetoka Japani, ambako sheria ya maafisa wa kujitolea ipo tangu 1950. Mzee huyu alikuwa na kawaida ya kuketi na kijana msikitini baada ya Isha, wanazungumza habari za mpira na za maji. Siku ya kumi na moja ya kupotea kwake, kijana alimjia mzee hapo hapo, amekonda, akamwambia: "Mzee, nimerudia. Mwambie madam asiniandikie."

Mzee akamjibu kwamba atamwambia madam, na kwamba kuandika au kutoandika ni kazi ya madam.

Jibu hilo lina hekima. Angeahidi kunyamaza, angekuwa amejifungia pamoja na kijana kwenye siri ambayo haina mlango. Angempigia polisi, asingejiwa tena na kijana yeyote wa mtaa ule.

Kumrudisha mahakamani au kutomrudisha

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe. Kwa herufi ya amri, kijana alikuwa amevunja masharti matatu: hakuripoti, hakukaa alipoamriwa, hakuendelea na matibabu. Afisa akiapa taarifa mahakamani, hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata. Likithibitika, mahakama inaweza kumtoza faini na kuiacha amri iendelee, au kumhukumu upya kwa wizi wa simu. Wapo maafisa ambao wangechukua njia hiyo siku hiyo hiyo, na hawatakuwa wamekosea kisheria. Wapo pia ambao wangefunika, wakamsainisha daftari kwa tarehe za nyuma, wakidhani wanamsaidia. Hao wa pili nawalaumu zaidi. Siku mama wa Kongowea anapokutana na kijana huyo akiwa amelewa kituoni, daftari hilo litakuwa limemdanganya yeye na hakimu.

Afisa wetu alijiuliza maswali manne kabla ya kushika kalamu. Kuna kosa jipya? Hakuna lililoripotiwa, na mzee hakusikia lolote. Kuna mtu aliye hatarini sasa? Ndiyo, kijana mwenyewe: aliyekosa methadoni siku kadhaa mfululizo mwili wake umepoteza uzoefu, dozi yake ya zamani inaweza kumuua, na kete ya mtaani vilevile. Alijificha? Alijificha siku kumi, kisha akajitokeza mwenyewe, ingawa alibisha mlango wa jirani badala ya mlango wa ofisi. Na je, kilichomwangusha kinaweza kuondolewa? Kinaweza, kwa sababu sehemu kubwa yake ilikuwa njia ya matatu.

Msimamo wangu ni huu. Kurudia unga, kwa mtu aliye kwenye matibabu, ni jambo linalotarajiwa. Mhudumu yeyote wa kliniki atakwambia wengi huanguka angalau mara moja kabla ya kutulia. Kuliita kuanguka huko uvunjaji wa amri ni kumwadhibu mtu kwa dalili ya ugonjwa ambao mahakama yenyewe imeamuru atibiwe. Kinachopaswa kuhesabiwa uvunjaji ni kuficha, kukataa kurudi, kosa jipya, au kumkaribia aliyekosewa. Tofauti hiyo ingeandikwa kwenye amri tangu mwanzo, kijana angejua kwamba siku ya kwanza baada ya kuanguka ndiyo siku ya kwenda ofisini, na zile siku kumi za kujificha huenda zisingekuwepo.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Kisauni imeumia. Vijana wenye mapanga wamewajeruhi watu njiani mchana, na mkazi aliyewahi kukimbizwa hana subira ya kusikia habari za ugonjwa. Akiambiwa kwamba aliye kwenye amri amerudia unga na bado yuko nje, ataona sheria inachezewa. Kwa sababu hiyo hasa afisa hakupaswa kuamua peke yake kimya kimya. Hiari yake ilihitaji kuonekana.

Ndivyo alivyofanya. Alimpeleka kijana kliniki siku hiyo hiyo pamoja na mzee, dozi ikapimwa upya na kuanzishwa chini. Siku ya tatu akaitisha kikao ofisini: kijana, mama yake, mjomba, mzee wa kujitolea na mshauri wa kliniki. Mjomba alikuja na hasira zake akazimwaga zote. Alisema alijua kijana ana "matibabu" lakini hakuna aliyemweleza kwamba ni kila siku, mwaka na zaidi. Alidhani ni ya mwezi mmoja, na kuchelewa gereji ni uvivu. Mama akalia. Kijana akaulizwa aseme mwenyewe kilichotokea, akasema mbele ya wote, pamoja na habari za kete za bure, bila kutaja majina.

Kisha afisa akaandika kwa mahakama. Alieleza yote: siku zilizokosekana, unga, kuhama, kujitokeza. Hakuomba amri ifutwe. Aliomba masharti yabadilishwe, jambo ambalo mahakama iliyotoa amri ina uwezo nalo, na akaambatanisha barua ya kliniki. Hakimu alimwita kijana, akamwonya kwa ukali, akakubali.

Masharti mapya

Badiliko kubwa lilikuwa la ramani. Matibabu yakahamishiwa kliniki ya Kombani, Kwale, iliyo kwenye njia ya Likoni kuelekea Ukunda. Hakuna feri, hakuna Kongowea, hakuna wa kumpungia mkono dirishani. Mjomba akakubali aingie gereji saa nne na atoke magharibi. Siku ya kuripoti ikapunguzwa iwe mara moja kwa mwezi ofisini, na katikati mzee wa kujitolea anamwona kila wiki na kumjulisha afisa. Kuripoti mara chache kwa mtu aliyetoka kuanguka kunaonekana kinyume, lakini safari ya ofisini ilikuwa ikimla nusu siku na kumpitisha mjini bila faida. Macho ya mzee, anayemwona anavyotembea na anavyokula, yanajua zaidi kuliko saini.

Likaongezwa na sharti lililoandikwa waziwazi: akitumia tena, ana saa 48 za kumwambia mzee au afisa, na akisema ndani ya muda huo suala litakwenda kliniki kwanza. Akinyamaza, litakwenda mahakamani.

Mama wa Kongowea alipigiwa simu na afisa kuelezwa kwamba malipo yalisimama wiki tatu na yataendelea. Hakuambiwa habari za ugonjwa. Aliuliza kama kijana amerudi kituoni, akaambiwa hapana, na kwamba sasa hana sababu hata ya kupita.

Kijana aliteleza mara moja zaidi, mwezi wa tisa, baada ya mazishi ya rafiki yake. Alimwambia mzee kesho yake asubuhi.

Yaliyobaki

Mwezi wa kumi na nne fidia ilikuwa imekamilika, na mama amesema hana dai tena. Kijana anafunga injini mwenyewe, na mjomba anataka kumpa tuktuk aendeshe. Hapo kuna kizuizi ambacho amri haikukigusa. Dereva wa gari la abiria anatakiwa kuwa na cheti cha tabia njema kutoka polisi, na alama za vidole za kijana zilichukuliwa siku ya kukamatwa. Mahakama haikumtia hatiani, lakini kumbukumbu za polisi zinaonyesha alishtakiwa. Asipokuwa na karatasi za mahakama zinazoonyesha kesi iliishaje, anaweza kukwama dirishani na kurudishwa nyumbani bila maelezo. Nakala ya amri, na baadaye ya ripoti ya kumaliza, inapaswa kuwa mikononi mwake kabla hajaenda kuomba, na afisa aifuatilie sasa akiwa bado ana mamlaka juu ya jalada, kwa kuwa likishafungwa kijana atakuwa akibisha mwenyewe.

Godoro la Mtopanga bado limekunjwa. Mama yake ameomba kijana aruhusiwe kulala nyumbani sikukuu ya Idi, usiku mmoja, na mjomba awe naye. Afisa amekubali kwa maandishi, na mzee wa mtaa wa Mtopanga amepewa nakala.